Hapa Kunaitika

Wasichana ndio hupotea kwanza. Mtu akitaka kujua kwa nini nilikuwa na haraka ile, aanzie hapo. Ukiwafukuza watoto uwanjani, wavulana watacheza barabarani, watacheza juu ya lava, watafunga matambara na mifuko ya plastiki iwe mpira, wapige hata mbele ya matanga. Msichana akikosa uwanja, mama yake anamwambia: basi, Mungu ameamua, chukua ndoo. Anachukua ndoo. Mwaka unaofuata unamkuta sokoni ana mtoto mgongoni, anakuona, anageuza uso.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, na kila Jumatano na Jumamosi nilikuwa naongoza michezo ya vijana wa kanisa letu. Wavulana mpira wa miguu, wasichana voleboli. Waliniita Mama Kochi, na mpaka leo kuna wanaoniita hivyo barabarani, nami naitika kwa aibu. Sharti letu lilikuwa moja: hakuna kugusa mpira kabla ya kusema mstari wa Biblia kwa kichwa. Wajanja wakatafuta mstari mfupi kuliko yote katika Biblia nzima, wakanisomea huohuo kila Jumatano kwa mwaka mzima. Niliwaacha. Angalau huo hawatausahau.

Uwanja wetu wa kwanza ulikuwa wa shule yenyewe. Vita ilipokaribia kutoka upande wa Rutshuru, watu waliteremka na magodoro vichwani, kambi ya Kanyaruchinya ikajaa, na waliokosa nafasi kule wakaja kulala uwanjani kwetu. Ningewaambia nini? Wengine walikuwa ndugu za mama yangu. Tukahamia uwanja wa pili, karibu na bohari moja. Huo ukageuka maegesho ya magari ya watu wenye bunduki. Hatukuuliza ni watu wa nani. Wa tatu ulikuwa wa baba mmoja muungwana, akatuvumilia miezi minane, kisha akaleta mchanga na matofali, akasema, "Mama, pole, miye pia niko na batoto." Kila tulipohama niliwahesabu wasichana. Kumi na wawili, wakawa wanane, wakawa watano. Wavulana walibaki walewale, tena waliongezeka.

Kwa hiyo kanisa lilipotupa kiwanja mtaa wa Mabanga, nilipiga magoti palepale mbele ya komite, mimi mwanamke mzima wa miaka yangu. Kilikuwa kiwanja cha kanisa tangu zamani, katikati ya nyumba za watu, lakini lava ilipita juu yake na hakuna aliyekigusa tena. Majirani walikuwa wanatupa takataka humo. Ile wiki ya risasi ilikuwa imeshapita, mji umeshatekwa na kupata wenyewe wapya, benki zimefungwa, na kila mtu anatafuta kitu kimoja cha kushika. Sisi tulishika kile kiwanja.

Komite ilitoa na sharti. Pasaka ikute paa juu. Isipokuta paa, kiwanja kinarudi kanisani na kujengwa maduka ya kupangisha. Prezida wa komite, muzee aliyestaafu kazi ya ofisi na ambaye havui kofia yake hata anapokula, alinisomea sharti hilo mara mbili kana kwamba mimi ni kiziwi. Kisha akaongeza la kwake: wasichana wavae sketi juu ya suruali wakicheza. Nikasema, "Ndiyo, Papa Prezida." Ningekubali wacheze na kitenge kichwani, mradi wapate mahali.

Hapa kwetu nyumba ni za aina mbili tu: ya mbao, na ya dur. Ya mbao unaibomoa asubuhi, jioni umeisimamisha kwingine. Mlima wetu wa moto ukifunguka, unaondoka nayo. Ya dur ni ya mawe na simenti, hiyo haihami. Mchungaji wetu, mtu mpole, aliniita pembeni akasema, "Mama Kochi, jenga ya mbao. Wiki tatu imekwisha, Pasaka inatukuta tumekaa." Nikamjibu kwa ukali ambao haumfai mchungaji. Nikamwambia nyumba ya mbao ni nyumba ya kuambiwa hamia kule, na mimi nimechoka kuambiwa hamia kule. Nataka ya dur. Nataka ukumbi, stoo ya mipira, na chumba cha wasichana cha kuvalia chenye mlango wa kufunga na ufunguo. Akanishika bega, akaenda zake. Laiti angenigombeza.

Mawe tuliyapata kwa salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi. Huku mawe ndiyo kitu pekee ambacho Mungu hajatunyima. Kila mtoto alikuja na jiwe moja la lava, mchelewaji mawe mawili. Wengine waliyaleta kwa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, wengine kichwani. Lundo likakua mpaka likawa refu kuliko mimi. Kapteni wa voleboli, msichana mmoja mrefu aliyekuwa anatembea kutoka kambini Kanyaruchinya, na baada ya kambi kuvunjwa akawa anatoka kwa shangazi yake asiyempenda, alikuwa anajichagulia jiwe ambalo hata mvulana angelikataa. Nilimwambia, "We, utavunjika shingo, nani atanipigia servisi?" Akacheka. Alikuwa haongei sana, lakini akicheka kila mtu aligeuka kumtazama. Wasichana walipoona kuta zinakuja, walianza kurudi. Watano wakawa saba. Saba wakawa tisa. Mmoja alirudi na mtoto wake wa mgongoni, akamlaza kwenye kivuli cha lundo la mawe, akafunga sketi juu ya suruali, akaingia uwanjani. Siku hiyo nililia, nikasingizia vumbi.

Sasa nije kwa fundi.

Fundi wetu alikuwa mtu wa kutoka Butembo, mwashi wa mawe, mikono yake imepasuka kwa simenti. Kazi yake ilikuwa safi, hana maneno. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kinanichekesha. Alisema "jiwe hii," alisema "ukuta ile." Na mimi, ee Mungu nisamehe, nina ugonjwa wa ualimu. Baba yangu alikuwa dereva, Mwislamu wa asili ya Maniema, na Kiswahili chake kilikuwa kinanyooka kama uzi. Mama alikuwa Mkristo wa Rutshuru. Nilimfuata mama kanisani, nikamfuata baba katika Kiswahili, na hilo la pili ndilo nililojivunia zaidi. Fundi akisema "jiwe hii" mbele ya watoto, nilimsahihisha. "Fundi, ni jiwe hili." Anasimama, anafuta mikono kwenye suruali, anarudia kama mwanafunzi wa darasa la pili: "Jiwe hili. Aksanti, Mama Mwalimu." Watoto wanacheka. Yeye pia anacheka kidogo. Alikuwa mtu mzima, ana wajukuu.

Ilikuwa Alhamisi, na Jumapili ile komite ilikuwa inakuja baada ya ibada kuona ukuta wa kwanza. Prezida alishasema wazi: wakiona ukuta, watatoa manjanja, yale mabati ya paa waliyokuwa wameyafungia stoo ya kanisa. Wasipoona ukuta, wataanza kufikiria mambo mengine. Kila mtu alijua mambo mengine ni yapi. Nilipofika kiwanjani kutoka shule, nilimkuta fundi amesimama kwenye kona ya nyuma, pale tulipopanga chumba cha wasichana, ameshika baramini, ile fimbo ya chuma ya kuvunjia mawe. Hakuwa anavunja. Alikuwa anagonga. Anagonga hapa, anasogea hatua, anagonga tena.

"Mama Kochi," akasema, "kuya kwanza."

Nikaenda. Watoto wakanifuata nyuma.

"Apa kunaitika," akasema.

Kuitika. Kwetu mtu akiitwa akaitika, amekubali. Kanisani tunaitika Amina. Nikacheka kwa sauti, nikawageukia watoto: "Mmesikia? Fundi anasema hapa ardhi imeitika! Basi ardhi iseme Amina!" Watoto wote wakapaza sauti, Aminaaa, mpaka jirani mmoja akachungulia dirishani. Fundi naye akatabasamu, lakini hakuondoka pale. Aliinua baramini akagonga tena, taratibu, akanitazama.

"Unasikia, Mama?"

Nilisikia. Nitaliandika hapa kwa sababu sijalisema popote, si kwa mchungaji, si katika maombi ya usiku. Nilisikia. Nimekulia juu ya mawe haya. Kila mtoto wa Goma anajua kukanyaga lava kwa kisigino na kusikia kama imejaa au haikujaa. Lava iliyojaa hunyamaza. Lava iliyoganda juu na kubaki tupu chini hukujibu, tena hujibu kwa sauti nene inayotoka mbali. Sisi tulipokuwa wadogo tulicheza mchezo huo, tunatafuta mahali penye kujibu, tunaruka juu yake tukipiga kelele. Fundi alipogonga, nilisikia ile sauti ya utoto wangu chini ya viatu vyangu. Sikuhitaji Kiswahili cha baba yangu.

Na nilijua dawa yake, maana hata kwenye mtaa wangu mafundi huifanya: unapasua ganda la juu, unajaza shimo kwa mawe na simenti, unasubiri likauke, ndipo unaanza msingi. Nikapiga hesabu palepale. Leo Alhamisi. Kupasua, kujaza, kukausha. Jumapili komite inafika inakuta shimo na lundo la mawe, na prezida na kofia yake anasema, mmeona, nilisema mimi.

"Nasikia, fundi," nikamwambia. "Nasikia vizuri kabisa. Jenga."

"Nijenge tu?"

"Jenga tu, fundi. Siku zinakwisha."

Akatazama baramini yake. Angekuwa mtu wa maneno mengi angebisha, angetupa kofia chini, angesema mimi najua kazi yangu. Hakubisha. Mimi ni mama, mimi ni mwalimu, mimi ndiye nimemwita kazini. Akachukua uzi akaanza kupima.

Jumapili komite ilikuta ukuta unaofika kiunoni. Prezida alizunguka mara mbili, akaugonga kwa kidole, akasema, "Bon." Jumatatu manjanja yakaletwa. Niliimba njia nzima kurudi nyumbani. Kuna siku nilisahau kabisa kona ile. Nakwambia kweli, niliisahau, kama mtu anavyosahau jino linalouma siku ambayo haliumi.

Kuta zikapanda. Seremala akaleta mlango wa chumba cha wasichana, wa mbao nzito, na kufuli. Tulimpa kapteni ufunguo aufunge shingoni kwa uzi. Jumatano moja, wiki tano kabla ya Pasaka, mvua ilitishia, wasichana wote tisa wakaingia chumbani mle japokuwa hakuna paa, wakafunga mlango kutoka ndani, wakakaa tu. Nikagonga: "Mnafanya nini humo?" Wakanijibu, "Hakuna kitu, Mama Kochi. Tumefunga tu." Nikawaacha. Walikaa karibu saa nzima katika chumba kisicho na dari, wanaongea mambo yao, na hakuna mtu wa kuwachungulia.

Usiku ule mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Saa mbili niko darasani, ubaoni, mtoto mmoja akaja mbio: "Mama Kochi, ukuta imeanguka." Niliacha chaki, nilikimbia na viatu vyangu vya darasani kutoka shule hadi Mabanga. Kona ya nyuma ilikuwa imezama. Ganda la lava limekatika kama ukoko wa ugali, ukuta wa nyuma umeingia ndani ya shimo, umevuta ule wa pembeni, na mlango wetu mzuri umelala kifudifudi chini ya mawe. Mawe mengine yalikuwa makubwa kuliko kichwa cha mtoto. Yalikuwa yameanguka mahali palepale walipokaa wale tisa. Nilikaa chini kwenye tope. Majirani walidhani nimefiwa, wakaja kunishika mikono. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, jana, jana, ilikuwa jana.

Komite ikaitwa Jumamosi. Niliingia nikijua nitaulizwa nini, na nilikuwa nimelala macho wazi siku mbili nikipanga jibu. Nikikiri kwamba nilijua, naondolewa, na kwa vile michezo ile ilikuwa mimi, kiwanja kinaondoka na mimi. Lakini kama ni kosa la fundi, basi ni ajali, na ajali huombewa muda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia ni kwa ajili ya wasichana. Labda nusu yake ilikuwa kweli.

Fundi aliitwa pia. Alisimama mlangoni, hakupewa kiti.

"Mwalimu," prezida akaniuliza, "huyu fundi alikuonya kama chini kuna shimo?"

"Hakuniambia kuna shimo," nikasema. Na hilo, ukilitazama neno kwa neno, si uongo. Ndiyo maana niliweza kulisema nikimtazama prezida usoni.

"Fundi, ulimwambia nini?"

"Nilisema kunaitika."

"Kunaitika?" Prezida akatutazama wote. "Maana yake nini?"

Fundi akafungua mdomo akaufunga. Alikuwa anatafuta neno, niliona anatafuta, macho yanakwenda huku na huku. Kisha akanigeukia mimi, kwa imani yote, kama alivyozoea kunigeukia nikimsahihisha. Alitaka nimsaidie.

"Kuitika ni kukubali," nikasema. "Mtu akisema ardhi imeitika, amesema ardhi imekubali. Mimi nilielewa hivyo. Hata watoto walielewa hivyo, walisema Amina."

Mtu mmoja wa komite akacheka puani. Prezida akatikisa kichwa: "Hawa mafundi na Kiswahili chao! Siku moja watatuua." Mchungaji peke yake hakucheka. Alinitazama kwa muda, na nikadhani ameona, lakini akainamisha kichwa akaanza kutuombea. Fundi alitazama sakafu. Iliamuliwa asipewe tena kazi yoyote ya kanisa, na Jumapili likatangazwa, na jambo likitangazwa kanisani Mabanga linakuwa limetangazwa sokoni pia.

Mimi nilipewa pole. Nilipewa maombi. Mama mmoja wa kwaya aliniletea ndizi. Muda sikupewa. "Sharti ni sharti, Mwalimu," prezida akaniambia mlangoni, tena kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. "Pasaka ikikuta paa, sawa." Wiki tano zilikuwa zimebaki nne, simenti imekwisha, na hakuna fundi aliyetaka kuja kusimama kwenye kona ile. Nilimwendea mchungaji nikamwambia, basi, tujenge ya mbao. Alinitazama kwa huruma. "Mama Kochi, nani atakubali sasa mtoto wake aingie pale?" Pasaka ilifika ikakuta kuta mbili na nusu na manjanja yamerudishwa stoo. Nilikuwa nimemuuza mtu, na hata hicho nilichomuuzia sikukipata.

Niliwaita watoto Jumatano iliyofuata, nikawaambia pale pale kwenye barabara nje ya kiwanja, maana ndani tulishakatazwa. Wavulana walisikiliza, wakapiga mateke kokoto, kabla sijamaliza wengine walikuwa wameshaanza kupanga watakwenda kucheza wapi. Wasichana walibaki wamesimama. Kapteni alivua ule ufunguo shingoni, akaninyooshea.

"Baki nao," nikamwambia.

"Wa nini, Mama?" Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli. Nikaupokea. "Na mipira?"

"Chukua mmoja nyumbani."

"Kwetu hakuna fasi," akasema. "Shangazi atasema nimeongeza vitu." Akaipanga mipira miguuni pangu, akawafuata wenzake. Sasa anauza maji ya mifuko karibu na njia panda. Namwona. Ni mimi ninayegeuza uso.

Maduka yakaanza mwezi uliofuata. Napita pale kila siku kwenda shule, njia nyingine ingenichukua nusu saa zaidi, na uvivu wangu una nguvu kuliko aibu yangu. Asubuhi moja nikakuta fundi mwingine na watu wake wawili wanapasua ganda kwenye ile kona. Nikasimama. Nilitaka kuliona shimo. Katika mawazo yangu lilikuwa pango, lilikuwa koo la mlima lenyewe, kitu ambacho hakuna binadamu angekiweza kwa siku tatu. Nikasogea nikachungulia. Lilikuwa shimo la kimo cha mtoto. Upana wake kama kitanda cha watu wawili. Walilijaza kwa mawe yetu, yale ya salongo yaliyobaki kwenye lundo, wanayatupa humo wakipiga hadithi. Niliporudi saa sita na nusu wameshamaliza, wameweka simenti juu, wanakula. Na lundo halikupungua hata robo.

Asubuhi moja. Ningempa asubuhi moja, na komite Jumapili ingekuta shimo lililojazwa, na ningesimama nikawaeleza, mimi ninayejua kueleza. Ungekuwa ugomvi, ndiyo. Prezida angenisomea sharti mara ya tatu. Kisha wangengoja, kwa sababu walishatoa kiwanja na watu hawapendi kuonekana wamevunja neno lao kwa haraka. Ninajua kwamba wangengoja. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Siku hiyo sikurudi darasani mchana. Nilikwenda kumtafuta fundi. Alikuwa anakaa juu, upande wa njia ya Kanyaruchinya, kwenye nyumba ya mbao, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno: nilisikia, fundi, nilijua, fundi, ulisema sawasawa. Maneno matatu tu. Nitayasema mlangoni kabla sijakaa, nikikaa sitayasema.

Nilimkuta mke wake anachambua maharage. Mwanamke mnene, mtaratibu, Kiswahili chake kama cha mumewe. Aliponiona alisimama upesi, akapangusa kiti kwa kitenge chake.

"Karibu, Mama Mwalimu! Karibu sana. Ikala."

Nikakaa.

"Fundi yuko?"

"Alienda Bunagana. Huku batu balikatala kumupatia kazi. Kule kuna mutu anajenga depo." Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Sasa ni miezi mbili. Anatuma salamu ku telefone."

Nikasema pole. Nikasema nilikuja kuzungumza naye juu ya ule ukuta.

"Ee, Mama, aliniambia!" Akanishika mkono, akaacha maharage. "Aliniambia kabisa, Mama Mwalimu akifika hapa umwambie asiogope, mimi sina kitu na yeye. Ile kosa ni yangu. Ni Kiswahili yangu. Nilitaka kumuambia chini hakuna kitu, ni wazi, sasa neno ya muzuri ikanikosa, nikasema neno ingine. Batoto ya batu bangekufa sababu ya mudomo yangu. Anasema hivyo, Mama. Usiku analala, anaamka, anasema hivyo."

Nilifungua mdomo. Nakwambia, nilifungua mdomo.

"Na kule Bunagana," akaendelea, "anauliza batu, neno ya kweli ni gani? Kila mutu anamuambia yake. Mungu amekuleta, wewe ni mwalimu. Nimuambie nini leo akipiga? Fundi akikuta chini kuko vile, anapashwa kusema namna gani?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale ya mumewe siku ile mlangoni. Alikuwa anangoja.

"Pana uvungu," nikasema.

"Pana..."

"Uvungu. Aseme hapa pana uvungu."

"Pana uvungu," akasema. "Pana uvungu." Akalirudia tena polepole, macho amefumba, asije akalisahau kabla ya jioni, kisha akanishukuru, akanichagulia maharage mazuri ya kwenda nayo nyumbani.